Wino wa Mihayo

Kilifika kwa basi la usiku kutoka Kariakoo,
kimeviringishwa kwa pamba na gazeti la michezo,
kioo kisichozidi ukucha wa kidole gumba.
Cha kwanza nilikiua mwenyewe, mwezi Machi,
nilikipa volti tano, nacho kiliomba tatu na kidogo.
Kilinuka kama nywele zilizoungua.
Bei yake sijamwambia mtu.

Hiki cha pili nilikiogopa siku mbili.
Nyaya saba, nikazilehemu hapa Isevya
juu ya meza ninayobadilishia watu vioo vya simu,
umeme ukikatika, ukirudi, ukikatika.
Nukta tisini na sita kwenda, sitini na nne kushuka,
na kila nukta ni taa inayojitegemea.
Hakuna balbu nyuma yao ya kuwabeba wavivu.
Ukiiambia moja zima, inazima kweli:
weusi wake si rangi, ni kupumzika.

Dada yangu Kalunde hununua asali.
Nyeupe bei juu, nyeusi bei chini,
na kati ya hizo mbili kila Jumanne
kuna ndoo arobaini na matusi.
Ndipo akaniambia:
"Nitengenezee jicho lisilo na njaa."

Basi nikaweka taa upande huu wa chupa,
kihisio upande ule, asali katikati,
na kioo kidogo juu, kiseme kilichoonekana.

Lakini kioo kinataka namba.
Lugha yangu haina habari na namba, inataka kitu:
kijani ilitoka kwenye jani, kijivu jikoni,
zambarau tuliichuma mtini,
kahawia ilibaki chini ya kikombe.
Zilizo zetu kavu kavu ni tatu tu,
nyingine tumezikopa kwa miti na majivu.
Kioo kinajua rangi elfu sitini na tano na ushei
na hakijawahi kuona hata jani.

Jumanne ikafika. Mihayo wa Sikonge
akashusha ndoo kwenye baiskeli,
akamimina kidogo, akarudi nyuma hatua moja
kama mtu anayepigwa picha.
Asali ikatokea buluu.
Buluu ya sabuni ya unga, inang'aa, haina aibu.
"Kijana," akasema, "nyuki wangu wamekunywa wino?"
Ghala zima likacheka, na Kalunde akacheka zaidi.

Kosa lilikuwa dogo: nyekundu na buluu
zilikaliana viti.
Kiwanda hiki humtanguliza huyu, kile humtanguliza yule,
na maelezo ya kwenye boksi yalikuwa ya kioo kingine.
Nikabadilisha mstari mmoja, jasho likinidondokea kwenye vibonye.

Ikaja. Dhahabu iliyozimwa kidogo,
rangi ya mtundu ukichipua majani mapya.
Mihayo akainua chupa yake juani,
akailinganisha na kile kiukucha, akakawia.
"Zimefanana," akasema. "Ila hii inawaka.
Yangu inapitisha."
Sikuwa na mstari wa kurekebisha hilo.

Namba ikampa shilingi mia mbili zaidi kwa kilo
kuliko jicho la dada yangu lilivyokuwa limepanga.
Akalipa. Kisha akanitazama
kama mtu aliyefuga paka, paka akala samaki wake.

Usiku huu umeme umekatika Isevya yote.
Kioo kinakula betri, nami nakiandikia:
sekunde kumi, kisha lala,
maana wanasema nukta za buluu huchoka kabla ya wenzake,
na sitaki kuuzia watu uzee wa kioo.
Kikizima, sioni tena kingo zake ziko wapi.

Namba nimezifunika kwa majina:
mtundu wa Septemba, ugali wa mtama, kutu ya reli.
Buluu ile ya makosa sikuifuta.
Inaitwa wino wa Mihayo,
na hakuna mstari unaoiita.